Lita Arobaini na Mbili za Meneja

Babu Futi alishona suruali kwa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakukutana na mwanamume hata mmoja aliyemtajia kiuno chake cha kweli. Wengine walipunguza inchi mbili, wengine nne. Alikuwepo mmoja, mwenye duka la magodoro, aliyepunguza kumi na moja bila kupepesa macho. Alipoambiwa asimame apimwe, alivuta tumbo ndani kwa nguvu hata kalenda ya ukutani ikapeperuka na mwezi ukabadilika. Hayo ni maelezo ya Babu Futi mwenyewe, na kalenda haipo tena ya kuulizwa.

Kwa watu wa namna hiyo alikuwa na dawa. Alizungusha futi kamba kiunoni, akaishikilia, kisha akauliza kwa upole habari za shemeji. Hakuna binadamu awezaye kumzungumzia shemeji yake huku amebana pumzi. Tumbo lilirudi mahali pake, futi kamba ikasoma ukweli, na suruali ikakatwa kwa ukweli huo huo. Kwenye lebo ya ndani aliandika namba aliyoitaka mteja. Mteja alitoka dukani amenyooka kama mshumaa, na hakuna aliyeumia.

Macho yalipoanza kukataa kutunga uzi, alifunga cherehani akahamia kwa mwanawe wa kwanza. Mkamwana wake alimtunza vizuri mno. Alimweka kwenye kochi kati ya televisheni na kabati la vyombo, na siku za usafi alimhamisha pamoja na stuli, akamfagilia chini yake, akamrudisha. Baada ya miezi minane Babu Futi alianza kuona kwamba kabati lina kazi nyingi kuliko yeye.

Kwa hiyo binti yake, kitinda mimba, aliyekuwa na duka la kukodisha mbao za kupandia mawimbi, aliposema anakwenda mafunzo ya uokoaji kwa siku tatu na hana wa kumwachia duka, Babu Futi alikuwa ameshavaa viatu.

Binti huyu hakuwa mtu wa mzaha. Mzaha wote wa ukoo ule ulikuwa umechukuliwa na baba. Alimweleza wazi: akirudi akute duka lake liko kama alivyoliacha, basi baba atakuwa anakuja kila siku, atakuwa na kazi yake na meza yake. Akikuta vituko, baba anarudi kwenye kochi, na asimpigie tena simu saa nne asubuhi kumwambia amechoka kutazama vipindi vya mapishi.

Duka lenyewe lilikuwa kontena la chuma lililotobolewa mlango ubavuni, mita hamsini kutoka majini. Ndani mlinuka nta na mpira mbichi. Mbao thelathini na saba zilisimama ukutani, toka fupi za kiunoni mpaka ndefu zilizogusa dari, na kila moja karibu na mkia ilikuwa na namba mbili zilizoandikwa kwa rangi nyeusi. Ya kwanza ilikuwa urefu, futi na inchi. Ya pili ilikuwa lita.

Binti alimfafanulia kwamba lita ndiyo namba yenyewe. Ni unene wote wa ubao ukiujumlisha, ndio unaojua kama utakubeba au utakuzamisha. Mtu asiyejua kitu anapewa lita karibu sawa na kilo zake. Anayejua kiasi anapewa nusu na kitu. Aliyebobea anashuka chini ya nusu, kwa sababu anataka ubao anaoweza kuugeuza na kuusukuma chini wimbi likija kumfunika. Halafu unatazama bahari. Mawimbi yakiwa madogo na malegevu, ongeza lita, la sivyo wimbi litampita mtu kama gari lisilosimama kituoni. Yakiwa yamesimama wima, mwanafunzi haingii kabisa, na hodari anachukua wake mdogo.

“Kwa hiyo unauliza uzito,” binti akamalizia, “unauliza ujuzi, unatazama maji, unatazama jedwali hapo ukutani.”

“Unauliza uzito,” Babu Futi akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeagizwa akamuulize paka nyama imekwenda wapi.

Siku ya kwanza aliuliza. Muuza simu mmoja, ambaye akipita mlangoni kontena lilikuwa linaingia giza, alisema ana kilo sitini na nane. Mhasibu aliyekuja na mkewe alisema sabini, mke akakohoa, akashuka hadi sitini na sita. Na wote, sijui nani aliwaambia, walikwisha kusikia kwamba mabingwa hutumia lita chache. Basi lita chache zikawa heshima. Kila mtu alitaka thelathini. Mhasibu aliuliza kama kuna ishirini.

Kufika saa sita, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyesimama juu ya wimbi. Wateja kumi na moja walikuwa wamekaa majini hadi shingoni, kila mmoja amekalia ubao usioonekana, wanatazamana, kama mkutano wa vichwa. Walipotoka walilalamika. Mbao mbovu, walisema. Muuza simu alisema ule wake unavuja. Wakaondoka wakiahidi kwenda kuwaambia wenzao.

Babu Futi akaliona kochi. Aliliona vizuri kabisa, mpaka ile alama ya mviringo aliyoiacha kwenye mto. Siku mbili zilikuwa zimebaki, na kwa mwendo ule binti angerudi akute duka lenye jina baya.

Akafanya kile ambacho mikono yake ilikuwa inakijua. Wakati wa chakula cha mchana alivuta mlango, akatafuta msasa, kopo la rangi nyeusi na brashi nyembamba, akaanza kushona lebo. Ubao wa lita tisini ukawa arobaini. Wa themanini ukawa thelathini na nane. Wa arobaini na nane ukawa ishirini na tisa. Ule mkubwa kuliko wote, futi tisa na nusu, lita mia moja kamili, ambao binti aliutumia kuwafundishia wazee na watu wenye hofu, aliuzunguka mara mbili, akafikiri, akauandika arobaini na mbili. Urefu hakuugusa, maana urefu mtu anauona kwa macho. Lita nani anaziona?

Siku ya pili hakumuuliza mtu uzito. Alimtazama anavyoingia, akaona mabega, akaona nyonga, akaona anavyotua mguu mchangani. Akauliza habari za shemeji, akapata kilo. Kisha akachomoa ubao na kumwonyesha mteja ile namba nzuri ya mkiani. Aliyeshangaa ubao kuwa mrefu aliambiwa kwamba mwaka huu ndefu zimerudi, kama suruali za miguu mipana.

Mawimbi yalikuwa madogo na ya upole, na watu wakasimama. Muuza simu, aliyerudi kudai ubao usiovuja, alisimama. Mhasibu alisimama, mkewe akasimama kabla yake na kumpungia. Jioni ile, kwa hesabu ya Babu Futi, bahari ilikuwa na watu wima wengi kuliko stendi ya mabasi.

Kabla ya jioni hiyo, ndipo alipokuja Meneja.

Alikuwa meneja wa hoteli kubwa iliyopakana na ufuko, mtu ambaye binti alimfuata nusu mwaka mzima akimwomba awe analeta wageni wake pale dukani. Kila mara alijibiwa kwamba Meneja yuko kwenye kikao. Sasa alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu yake, na kaptura mpya yenye mikunjo ya dukani, na nyuma yake mfanyakazi wa hoteli ameshika kamera. Alisema amekuja kuona kama duka linafaa. Alisema amekua na mawimbi. Alisema ana kilo sabini na nane.

Babu Futi alimpa pole ya jua, akamuuliza shemeji zake hawajambo.

“Shemeji yangu?” Meneja akasema. “Yule aliyeazima gari langu akalirudisha na mlango wa rangi nyingine?”

Na hapo ikatoka hadithi nzima, mlango, fundi wa mlango, mke aliyeitetea familia yake mbele ya watu, na tumbo la Meneja likashuka polepole, likatulia juu ya kamba ya kaptura kama bibi anayekaa kwenye mkeka. Kilo mia na nne. Babu Futi angeweza kula kiapo. Na kuhusu kukua na mawimbi, mtu yule alikuwa ameushika ubao kwa jinsi mtu anavyoshika mlango wa choo usio na kitasa.

Alimletea futi tisa na nusu.

“Mzee wangu, hii si ndefu sana?”

“Urefu ni wa mapambo tu, bosi. Soma lita.”

Meneja akainama, akasoma arobaini na mbili, akatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, kama mtu aliyekutana na jina lake gazetini. “Hizi ndizo zangu,” akasema.

Wimbi la kwanza lilimwangusha. La pili lilimwangusha upande wa pili. La tatu lilimkuta amepiga magoti, akainua mguu mmoja, akafikiri, akainua wa pili, na akasimama. Alikwenda mita thelathini hivi. Babu Futi husema mia mbili, na kwamba samaki walitoa vichwa. Lakini hata ukiziacha thelathini peke yake, mtu yule alitoka majini akiwa mtu mwingine. Kisha akatoa simu na kumpigia binti huko huko mafunzoni. Akamwambia mkataba upo, wageni wote wa hoteli watapitia dukani kwake, na amwagizie mbao ishirini mpya kiwandani. Lita arobaini na mbili zote. Wageni wake wana miili kama yake.

Usiku huo Babu Futi alilala kama mtoto aliyeshiba.

Siku ya tatu bahari iliamka vibaya. Mawimbi yalisimama wima na kuvunjika kwa kishindo, na Babu Futi, kwa kufuata maagizo, aliwarudisha wote waliokuja kujifunza. Alikuwa nyuma ya kontena anaanika makoti ya mpira ya kuingilia majini pale dada wa posta alipofika. Dada huyu alikaa dirisha la tatu posta siku za kazi, na siku zake za mapumziko alikuwa hodari kuliko wote ufukoni. Alijihudumia mwenyewe siku zote. Alisoma namba, akachukua ishirini na tisa, akaushangaa kidogo unene wake. Lakini katika duka lile namba haikuwahi kumdanganya, akakimbilia majini.

Alirudi baada ya robo saa akiwa ameshika nyusi, na damu imechora mstari hadi kidevuni. Aliusukuma ubao chini ya wimbi, ubao ukakataa kuzama, wimbi likauchukua na kumpiga nao.

“Babu,” akasema, “huu ni lita ishirini na tisa kweli?”

Babu Futi akatazama ile damu. Akatazama ile tisa, ambayo alikuwa ameikunja mkia vizuri kama herufi ya mwaliko wa harusi.

“Ndiyo, mwanangu.”

Dada wa posta akatikisa kichwa, akaosha uso kwenye bomba, akashukuru, akaondoka. Babu Futi akakaa kwenye kizingiti na hakushona hadithi yoyote mchana wote.

Binti aliingia saa kumi akiwa na begi begani. Alikuja anacheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na alikuwa na swali moja tu. Watu wazima wa kilo zaidi ya mia, wageni wa hoteli wasiojua kuogelea sawasawa, lita arobaini na mbili watazifanyia nini? Alidhani Meneja amechanganya namba. Kisha akatazama ukutani. Alitembea kutoka ubao wa kwanza hadi wa thelathini na saba, kidole kikipita juu ya rangi mpya, na kicheko kikaisha mahali fulani karibu na ubao wa nne.

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alivuta stuli, akakaa mbele ya baba yake, akamwomba amweleze yote, na Babu Futi akaeleza yote, pamoja na nyusi ya dada wa posta, ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

“Baba, kiwandani wakiletewa oda ya arobaini na mbili, wanatengeneza arobaini na mbili. Meneja atampandisha juu yake mama wa watu mwenye kilo tisini.”

“Suruali zangu hazikuwahi kumzamisha mtu,” Babu Futi akasema. Alikuwa hajitetei. Ndiyo kwanza wazo hilo lilikuwa linamfikia.

Binti akasema oda ile hatumi. Meneja lazima aambiwe, na atakayemwambia ni yule aliyeshika brashi. Akikasirika, mkataba umekwenda, nusu mwaka wa kubisha hodi umekwenda, na kuhusu hilo jambo la baba kuja kila siku, yeye binti hataki kulizungumza sasa hivi.

Asubuhi Babu Futi alianzia posta. Alipanga foleni na kikaratasi chake cha namba mkononi kama watu wengine, akafika dirisha la tatu, akasema kupitia kioo kwamba ubao ulikuwa lita arobaini na nane na kwamba alimdanganya huku akiona damu. Dada wa posta, plasta juu ya jicho, aligonga mhuri kwenye karatasi moja kwa nguvu ya kutosha karatasi tatu.

“Kumbe sikukosea,” akasema. “Usiku kucha nilidhani nimeyasahau mawimbi.” Kisha akamwambia asogee, kuna watu nyuma.

Mapokezi ya hotelini yalikuwa na fremu mpya ukutani. Meneja juu ya wimbi, mikono imetanuka, mdomo wazi, na maji yanang'aa. Babu Futi alipita chini yake kama mwanafunzi anayepita chini ya picha ya mwalimu mkuu. Ofisini alikaribishwa soda. Hakuigusa. Alisimama mbele ya meza, akasema neno lote kwa pumzi moja: ubao ule ni lita mia moja, ile namba aliiandika yeye, akiagiza arobaini na mbili wageni watakunywa bahari.

Meneja akaisogeza soda kando.

“Na mimi nina kilo ngapi?” Meneja akauliza.

“Mia na nne, bosi.”

“Ulinipima lini?”

“Uliponieleza ule mlango wa gari.”

Meneja akatazama chini, kwenye vifungo vya shati, kama anayetafuta nani amemsaliti. Babu Futi alingoja atolewe nje. Alikuwa ameshachagua njia ya kurudia nyumbani, ile isiyopita dukani.

“Lakini nilisimama,” Meneja akasema mwishowe. Haikuwa sauti ya umeneja.

“Ulisimama. Hilo sikuliandika mimi.”

Meneja akashusha pumzi, na safari hii hakuirudisha. Kifungo cha tatu kikaachia chenyewe. Alisema, huku akikitafuta kifungo chini ya meza, kwamba wageni wake wote wanadanganya kwenye fomu. Umri, uzito, kama wanajua kuogelea, hata kama wanakoroma. Miaka kumi na miwili anazisoma fomu zile na hajapata mtu wa kumwambia ukweli wao bila kugombana nao. Binti aagize ishirini za lita mia, na mzee mwenyewe ndiye awe anawachagulia, kwa macho, bila kuuliza. Kisha akainua kidole. Ubao wake yeye, je, lazima uandikwe?

Babu Futi akasema binti yake ataandika kila ubao, na kwa kadiri anavyomjua, kwa herufi kubwa.

Siku hiyo alikaa kwenye mchanga mbele ya kontena tangu saa nne, msasa mkononi, akirudisha namba moja baada ya nyingine, na wateja wanapita wanasoma. Muuza simu alisimama muda mrefu mbele ya themanini na tano yake. Alisema jua limemchosha, atarudi kesho. Mhasibu hakusema kitu, mkewe ndiye aliyesema, na hakunyamaza upesi. Watatu waliondoka kwa hasira bila kukodi. Binti alikuwa mlangoni anafunga kamba za miguuni, zile za kumshika mtu na ubao wake, na kila mteja alipoondoka, yeye alimtazama baba yake, akarudi kwenye kamba.

Saa kumi Meneja alikuja bila kamera, kaptura ile ile, tumbo limeachiwa huru. Mawimbi yalikuwa madogo. Akakuta ile mia moja bado haijakauka. Aliutazama ubao, akautazama ufuko uliojaa watu. Akaunyanyua kwa mkia mbele, akaubana kwapani ili namba ikae ndani, akaondoka kuelekea majini akitembea polepole ili asiiharibu rangi. Alipouweka majini na kupanda, ubavu wake wote ulikuwa umechapwa mia moja kinyumenyume.

Alisimama kwenye wimbi la pili.

Binti akaweka kamba chini. Akatazama mpaka Meneja alipoanguka, akaja kukaa mchangani karibu na baba yake, akachukua brashi kutoka mkononi mwake akaifunika kwenye kopo pamoja na rangi, akakaza kifuniko kwa kisigino.

“Hoteli wanaleta watu kumi na wawili kesho,” akasema. “Saa moja uwe umefika, Baba. Na rangi nitakuwa nakaa nayo mimi.”